Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti wa kikundi cha kutunza ndege: mdomo wa mto Sabaki, karibu na Malindi

Wazee wangu, kina mama, vijana na wanachama wote, hamjambo.

Kazi za kawaida mnazijua sitapoteza muda. Tumehesabu ndege kila mwezi, tumepanda mikoko, tumeokota plastiki zinazoshuka na mto, maana mto Athi ndo huu huu Sabaki wetu, unachukua uchafu wa Nairobi unapita nao Tsavo unakuja kutumwagia sisi. Wageni wanaokuja kuona ndege waliongezeka kidogo.

Sasa hii habari ya bodaboda kufungiwa njia ya mchangani. Nimesikia yanayosemwa, eti mwenyekiti kajiamulia. Tuliitisha mkutano mara 3, wa kwanza watu 11, wa pili 8, wa tatu 6 pamoja na mimi, katibu na mweka hazina, na akidi yetu ni 20, sasa ningengoja mpaka lini? Mwezi wa 4 wale ndege wa kahawia wa Madagaska, wanaoruka kama mbayuwayu, walishaanza kutua. Hao wako kwetu mpaka karibu mwezi wa 9 ndo warudi kwao kutaga, duniani hawako wengi, na kuna watu wanapanda ndege mpaka Malindi kwa ajili yao tu. Wanapumzika pale pale mchangani inapopita njia, pikipiki moja ikipita kundi zima linaruka, halijakaa sawa nyingine hiyo. Nimekaa pale asubuhi nzima nikaangalia, roho iliniuma. Ndo nikafunga njia. Nguzo nimebeba mimi na kijana wangu, kamba ni 1,800 ya mfukoni mwangu ambayo sijarudishiwa mpaka leo, na njia ya juu iko wazi. Vijana wa boda ni watoto wetu na wengine ni wanachama, ila mgeni analipa kuona ndege, ndege wakihama utamleta aone nini? Waliong'oa nguzo 2 usiku siwataji, wanajijua. Na mwezi wa 8 ndege wa pwani kama sululu na wenzake wa Ulaya walipofika wakakuta kumetulia, hata heroe, wale flamingo, walisogea karibu na kijiji, hilo mliliona wenyewe.

Pesa: wanachama 64, waliomaliza ada 19, waliolipa nusu 14, waliobaki hawajatoa hata shilingi. Ada, wageni na miche jumla 87,400, tumetumia 81,050, zimebaki 6,350. Na asiyelipa ndo wa kwanza kuuliza mgao, hapo kweli nachoka.

Mwakani Mungu akijalia tunatumaini kupata kibanda cha kuangalia ndege na pengine mashua, kuna watu tunaongea nao.

Njia ya mchangani itafungwa tena mwezi wa 4. Asiyekubali aje mkutanoni aseme mbele ya watu, tarehe itatangazwa msikitini na kanisani.