Salamu za Idi: "Kama Nilikukosea, Nisamehe"

Assalaamu alaykum ndugu zetu. Mwezi umeandama. Idi Mubarak kwenu na kwa watoto, na waliofiwa ndani ya Ramadhani hii Mola awape subira.

Usiku huu simu zimejaa ujumbe ule ule: "Kama nilikukosea, nisamehe." Ni ujumbe mwema, ila hilo neno "kama" tuliangalie. Aliyekopa shilingi 30,000 tangu Rajabu akanyamaza hana "kama", anajua. Toba ina masharti yake: kuacha dhambi, kuijutia, kuazimia kutoirudia. Kosa likigusa haki ya mja, linaongezeka la nne, kumrudishia mwenyewe. Akiwa amefariki, wapeni warithi wake. Akitafutwa kweli asipatikane, itolewe sadaka kwa niaba yake, na akitokea baadaye akadai, alipwe. Uliyemsengenya, ikiwa kumweleza kutawasha moto mpya, wanazuoni wengi wanasema umwombee dua, na umtaje kwa wema pale pale barazani ulipomvunjia heshima.

Kazi ngumu ni kujipima. Kosa letu tunaliita "nilipitiwa", la jirani tunasema "ndivyo alivyo." Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inawaonya wanaojipimia kamili na kuwapunja wenzao. Muuza mchele anayepunja gramu 50 kila kilo, akishauza kilo 20 amekula kilo nzima ya watu, na pengine hakuacha saumu hata siku moja. Sahaba Ibn Mas'ud alisema muumini huziona dhambi zake kana kwamba amekaa chini ya mlima akihofia umwangukie. Muovu huziona kama nzi aliyepita puani, akamfukuza kwa mkono. Ukijisikia unasema "ni kitu kidogo tu," mkono huo ndio unainuka.

Zaka ya fitri nayo msiichelewe: pishi moja, kiasi cha kilo 2.5 za mchele, kwa kila mtu wa nyumbani, mtoto mchanga akiwemo. Uwe mchele mnaokula wenyewe, si chenga zilizobaki dukani, na umfikie maskini kabla ya swala ya Idi; baada ya swala inakuwa sadaka ya kawaida.

Na yule mmoja mnayemjua, mpigieni alfajiri kabla hamjatoka kwenda kuswali. Mtajieni kiasi, na siku mtakayomlipa.

Taqabbala Allahu minna wa minkum.