Ghorofa zinaongezeka, mitaa ni ileile

Mhariri,

Nimezaliwa Kariakoo na bado naishi humu, kwa hiyo sina ugomvi na maghorofa. Watu wanahitaji pa kulala. Ila mradi wa nyumba za kupangisha unaotajwa mtaani kwetu unanitia hofu: mchoro tulioonyeshwa una vyumba tele, maegesho ya kuhesabika, na hausemi magari mengine yatakaa wapi.

Mitaa hii ilipimwa enzi za nyumba za Kiswahili, vyumba sita na ua. Leo saa nne asubuhi fuso linashusha marobota upande mmoja, guta limekatiza katikati, bajaji inatafuta upenyo, na waenda kwa miguu tunaruka mtaro. Juzi jirani alishikwa na uchungu mchana. Tulimbeba kwenye kiti cha plastiki hadi Barabara ya Msimbazi kwa sababu teksi ilishindwa kuingia. Je, zimamoto?

Eti magari si lazima, mabasi ya mwendokasi yapo. Sawa, lakini nani kayapanda akiwa na friji?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka wananchi tushirikishwe kwenye tathmini ya miradi ya namna hii. Sisi tulipitishiwa daftari la mahudhurio, tukapewa soda, kikao kikafungwa.

Tunaomba magari yahesabiwe siku ya kazi, si Jumapili, na matokeo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kabla msingi haujachimbwa.

Mkazi wa Kariakoo,
Dar es Salaam