Yuniti za lazima chuo kikuu zibaki, lakini zifundishwe kwa haki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wazazi na walimu wa hapa Lamu wamekuwa wakilijadili tangu watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi walipoingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Watoto hao wanatarajiwa kujiunga na vyuo vikuu mwaka 2029, na muundo mpya wa 2-6-3-3-3 unawatengea miaka mitatu ya shahada pale ambapo kaka na dada zao wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 kwa kawaida walipewa minne. Mwaka mmoja ukiondoka, haukosi kuondoka na kitu, na maoni ninayoyasikia kila mahali, barazani na hata miongoni mwa walimu wenzangu, ni kwamba kitu hicho kiwe zile yuniti ambazo kila mwanafunzi hulazimika kuzisoma bila kujali shahada aliyoiendea: stadi za mawasiliano, utangulizi wa falsafa au fikra tunduizi, masomo ya maendeleo, elimu ya Ukimwi, ujasiriamali na nyingine za namna hiyo. Mimi siafikiani na maoni hayo.

Malalamiko ya wazazi hayakutoka hewani. Mvuvi anayemlipia bintiye karo na kodi ya chumba bara, huku akimwona anarudia yuniti ya falsafa ilhali amekwenda kusomea uuguzi, ana haki ya kuuliza fedha zake zimekwenda wapi. Kijana mmoja wa jirani yangu aliporudi likizo alinionyesha kile alichosomea stadi za mawasiliano. Kilikuwa kijitabu cha fotokopi kilichobanwa kwa pini mbili, kimenakiliwa mara nyingi hata herufi za pembeni zimeliwa, na ukurasa wake wa kwanza una mchoro wa mtumaji, ujumbe na mpokeaji, umeunganishwa kwa mishale. Alikinunua katika duka lililo kando ya lango la chuo. Aliniambia kwamba ukumbini walikuwa mamia kwa mamia, wa ualimu, wa kilimo na wa kompyuta wakiwa wamechanganywa, kwamba waliokaa nyuma hawakukisikia kipaza sauti, na kwamba muhula mzima hakuandika insha hata moja ambayo mhadhiri aliisoma na kumrudishia ikiwa na masahihisho. Mtihani aliupita. Alipotaka kuandika barua ya kuomba nafasi ya mafunzo ya kazini, alikuja kwangu tukaiandika pamoja, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

Nilikasirika, na bado nina hasira. Hata hivyo, nikitafakari naona kwamba kijana yule hakudhulumiwa kwa kulazimishwa kusoma stadi za mawasiliano. Alidhulumiwa kwa kutofundishwa. Kama anatomia ingefundishwa kwa mtindo huo, hakuna mtu ambaye angependekeza madaktari wasome shahada bila anatomia. Tungewaita wakuu wa chuo na kuwataka walirekebishe somo.

Wakaazi wa Lamu wana sababu zaidi ya wengi ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 2016 mradi wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe huko Kwasasi, wa megawati 1,050, ulipewa leseni ya mazingira. Shirika la Save Lamu pamoja na wakaazi wengine walipinga, na tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni hiyo, kwa sababu mojawapo kubwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imetoa uamuzi kuhusu bandari ya LAPSSET, mradi mkubwa wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta kutoka Lamu kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia, na kuagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, baada ya kuona kwamba haki zao za mazingira safi, za utamaduni na za kupata habari zilikiukwa. Mtu aliyefuatilia kesi hizi mbili atakubaliana nami kwamba hazikuwa za mawakili peke yao. Zilihusu mikoko na matumbawe, joto la maji yanayorudishwa baharini, hesabu ya pato la mvuvi asiyeandika risiti, Katiba ya 2010, na hadhi ya mji ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mhandisi asiyejua kwamba sheria inamtaka awasikilize watu wa Kwasasi ataandaa ripoti itakayoanguka mbele ya jopo, na mwanasheria asiyeweza kusoma jedwali la takwimu hatajua aulize nini kuhusu ripoti hiyo. Vijana wetu ndio watakaokaa pande zote mbili za meza katika miradi ijayo, na mimi sijui ni wapi kwingine watakapofundishwa kuvuka mipaka ya fani zao isipokuwa katika yuniti hizi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotaka yuniti zifutwe hawalitaji. Chini ya 8-4-4 mwanafunzi alifika Kidato cha Nne akiwa bado amebeba sayansi, lugha na walau somo moja la historia, jiografia au dini. Sasa mtoto anapoingia sekondari ya juu, akiwa na miaka kama kumi na mitano, anachagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Sina ugomvi na mikondo. Nimefundisha wanafunzi wengi walioteseka kwa masomo ambayo hayakuwa yao. Lakini kama mlango umeanza kubanwa mapema shuleni, chuo kikuu ndicho kinachopaswa kuupanua, na ajabu ni kwamba tunapanga kubana kote kuwili kwa wakati mmoja.

Wala elimu pana si kitu kigeni hapa Amu, yaani Lamu. Mwanafunzi wa darsa katika Riyadha, chuo cha dini alichokiasisi Habib Swaleh hapa Lamu, hakusoma fiqhi, yaani sheria za dini, bila nahau, na alipofika mlango wa mirathi hakuwa na budi kuwa na hesabu. Chukua mtu aliyefariki akaacha mke, mabinti wawili na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, mabinti wana thuluthi mbili, na ndugu anachukua kinachosalia. Mwanafunzi hana njia ila kutafuta namba inayogawanyika kwa nane na kwa tatu, aipate 24, kisha ampe mke mafungu 3, kila binti 8, na ndugu 5. Asiyeweza kuzijumlisha sehemu hizo atamdhulumu yatima, hata awe ameihifadhi matini yote kwa moyo. Masheikh wetu hawakuona kwamba hisabati ni kumpotezea wakati mwanafunzi wa dini. Waliona kwamba bila hiyo elimu yake haitumiki.

Wako wanaosema kwamba nchi zilizoendelea huwapeleka vijana moja kwa moja kwenye utaalamu. Uingereza kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyo, na sisi tuliurithi mfumo wake. Marekani sivyo. Katika chuo cha MIT, ambacho ulimwengu mzima unakijua kwa uhandisi na sayansi, kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza hulazimika kumaliza masomo manane ya fasihi, sanaa na sayansi ya jamii. Chuo Kikuu cha Columbia kilianza somo lake la lazima kuhusu ustaarabu mwaka 1919, na hadi leo hufundishwa katika vikundi vidogo vya majadiliano. Karibu zaidi na sisi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimewataka wanafunzi wa fani mbalimbali wasome masomo ya maendeleo kwa miongo mingi. Columbia ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ya hivyo vikundi vidogo.

Ombi langu kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na kwa mabaraza ya vyuo vyenyewe ni kwamba yuniti zipunguzwe idadi na zifundishwe kwa uzito. Ujasiriamali waachiwe wanaousomea. Elimu ya Ukimwi ni muhimu mno, ila mahali pake ni sekondari na katika zahanati ya chuo, ambako kijana atapata ushauri na kupimwa. Zibaki tatu. Ya kwanza iwe ya kuandika na kujenga hoja, ambayo mwanafunzi ataandika kila wiki mbili na kusahihishwa, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na daktari atakayepangiwa Faza au Kiunga atahitaji kumweleza mgonjwa hali yake kwa lugha hiyo kwa ufasaha na staha. Ya pili iwe ya kusoma takwimu, kwa sababu hakuna fani isiyo na majedwali siku hizi. Ya tatu iwe ya Katiba, ardhi na mazingira, na ifundishwe kwa kesi halisi za Kenya, zikiwemo hizi zetu mbili. Zisiachiwe wahadhiri wa muda wanaokimbia kutoka chuo kimoja hadi kingine. Apewe kila moja mhadhiri mwandamizi, na vikundi visizidi ukubwa wa darasa la kawaida la sekondari.

Najua jibu litakuwa fedha, na ni kweli vyuo vingi vya umma vina madeni. Lakini yuniti tatu zitagharimu saa chache kuliko zote za sasa, na saa zitakazookolewa zinaweza kugawanywa katika vikundi hivyo vidogo. Hesabu hiyo ifanywe hadharani tuione.

Mitaala ya shahada lazima ipitiwe upya kabla ya 2029, na wakati huo naiomba Tume isikusanye maoni Nairobi na Mombasa pekee. Ije Lamu, rasimu ifike kwa Kiswahili wiki kadhaa kabla ya mkutano, na wanafunzi walio likizoni waalikwe pamoja na wazazi wao.

Mwalimu wa shule ya upili,
Langoni, Lamu