Boti ya Faiba Iliyozeeka: Gonga Kwanza, Rangi Baadaye

Mzee mmoja mstaafu kutoka Machame alituletea boti ya faiba yenye kibanda, urefu wa futi 22, aliyoinunua Tanga na kuisafirisha juu ya trela kwa zaidi ya kilomita 300, kupitia Korogwe na Same, mpaka karakana yetu hapa Moshi. Boti ilikuwa imekaa nchi kavu chini ya turubai kwa miaka kadhaa. Alikuwa amepanga kuipaka rangi upya, kufunga injini ya kupachika na kuipeleka katika bwawa la Nyumba ya Mungu, awe anavua na wajukuu wake wakati wa likizo. Rangi alikuwa ameshainunua na mito ya viti alikuwa ameshaishonesha. Alichohitaji kwetu, alisema, ni lita tano tu za resini, ile gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, za kuzibia nyufa ndogo.

Kabla ya kumuuzia chochote tulimwomba azunguke na fundi wetu kuikagua boti, na kifaa walichotumia kilikuwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Ukigonga faiba iliyoshikamana vizuri na mbao iliyo ndani yake, sauti hurudi kavu na kali, ko-ko-ko, na mpini huruka mkononi. Walianza kwenye omo, yaani mbele ya boti, wakafuata upande wa kushoto wa sitaha, na kila kitu kilisikika vizuri mpaka walipofika kwenye shina la nguzo ya reli. Hapo sauti ikabadilika, ikawa bu-bu, nzito kama ya mtu anayegonga gunia la mahindi. Fundi alikuwa akizungushia chaki kila eneo lenye sauti hiyo, na ilipofika saa sita mchana chaki ilikuwa imezunguka karibu nusu ya sitaha pamoja na ukuta wote wa nyuma unaobeba injini. Meku, kama vijana wa karakana walivyomwita mzee huyo, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama sauti haiwezi kudanganya.

Inaweza, na ndiyo maana baada ya kugonga hutoboa. Tundu hutobolewa kutoka upande wa ndani, kwa ncha ya drili ya milimita 5 iliyozungushiwa utepe ili isitokeze upande wa pili. Mbao iliyo nzima hutoa unga mkavu, wa rangi ya kahawia isiyokolea. Katika ukuta wa nyuma wa boti hii ulitoka uji mweusi kama machicha ya kahawa, wenye harufu ya majani yaliyooza, na kwenye tundu la chini kabisa maji yalianza kutiririka yenyewe. Yalitiririka mpaka jioni.

Wateja wengi wanaonunua boti ya kwanza huamini kwamba faiba haiozi, na kwa faiba yenyewe wako sahihi: nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa resini ya poliesta zinaweza kudumu miaka mingi, na ziko boti za miaka ya 1960 ambazo bado zinaelea. Kinachooza ni mbao iliyofichwa ndani yake. Faiba nyembamba hupinda, kwa hiyo watengenezaji waliweka plaiwudi au mti mwepesi wa balsa katikati ya matabaka mawili ya faiba, ili matabaka hayo yakiwa yametenganishwa yapate ugumu bila uzito mkubwa. Sitaha hujengwa hivyo, ukuta wa nyuma hujengwa hivyo, na mihimili inayopita chini ya sakafu kutoka mbele hadi nyuma mara nyingi ni mbao iliyovishwa faiba. Kisha mtu anakuja kutoboa matundu ya skrubu kwa ajili ya reli, taa au kishikio cha kamba, anapaka silikoni kidogo na kuondoka. Silikoni ikichoka maji huingia, na kwa kuwa faiba imeizunguka mbao pande zote, maji hayo hayana njia ya kukauka.

Kwa sababu hiyo hatupendi kumuuzia mtu rangi kwanza. Rangi mpya juu ya mbao iliyooza itapendeza kwa msimu mmoja, lakini siku injini yenye uzito na nguvu zake inapovuta ukuta wa nyuma uliokuwa uji, hatari haiwi tena ya fedha peke yake.

Kazi ya ukuta wa nyuma ndiyo nzito kuliko zote, ingawa mtu mwenye subira anaweza kuifanya mwenyewe. Tabaka moja la faiba, mara nyingi la ndani, hukatwa kwa grainda na kuondolewa. Mbao iliyooza hukwanguliwa mpaka ibaki faiba safi. Kisha plaiwudi ya majini, kwa kawaida vipande viwili vya milimita 18 vilivyogandishwa pamoja, hupimwa, huchongwa, hupakwa epoksi, aina ya resini inayoshika vizuri mbao, pande zote na hasa kwenye kingo, ndipo hubanwa mahali pake. Plaiwudi ya kawaida ya dari haifai, hata kama muuzaji anaapa kwamba ni ileile, kwa kuwa gundi yake huachia ikikaa kwenye maji.

Mihimili ya sakafuni ina mtego wake. Usiing'oe yote kwa siku moja. Umbo la boti linashikiliwa na mihimili hiyo, na ukiitoa yote wakati boti imelala juu ya magogo mawili, sehemu ya chini italegea na kujipinda taratibu, nawe utaweka mihimili mipya juu ya umbo ambalo si la boti yako tena. Tegemeza mkuku, yaani uti wa chini wa boti, kwa urefu wake wote, weka tegemeo pembeni, pima na uandike vipimo, kisha badilisha mhimili mmoja baada ya mwingine.

Pale ambapo faiba yenyewe imetoboka au kupasuka, anayeanza hupenda kujaza tundu kwa pasta na kulisawazisha kwa msasa. Pasta hiyo itang'oka. Faiba mpya huishikilia ya zamani kwa upana wa eneo zilipokutana, kwa hiyo kingo za tundu husagwa kwa mteremko mrefu, na kipimo tunachokifuata ni 12 kwa 1: faiba yenye unene wa milimita 6 husagwa milimita 72 kuzunguka tundu. Mteja akiona tundu la ukubwa wa kikombe limegeuka eneo la ukubwa wa sinia hudhani tumeharibu boti yake. Futa kwanza nta na mafuta kwa asetoni kabla ya kusaga, kwa kuwa ukisaga kwanza unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, kisha tumia msasa mkali wa namba 36 au 40.

Resini huchaguliwa kwa kazi. Poliesta ni ya bei nafuu na ndiyo iliyojengea boti nyingi, lakini kwa kiraka juu ya faiba ya zamani, na kwa kugandisha mbao, epoksi hushika vizuri zaidi. Ukiamua kutumia epoksi, tumia faiba iliyofumwa kama kitambaa badala ya mkeka wa kawaida wa nyuzi zisizofumwa, kwa kuwa gundi inayoshikilia nyuzi za mikeka mingi imetengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta na haiyeyuki ndani ya epoksi. Tena jelikoti, yaani lile tabaka la nje linalong'aa, ni ya poliesta na haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo eneo hilo hupakwa rangi. Kwa makadirio, mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa takriban milimita 1 na hunywa resini zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Meku alipofanya hesabu hiyo kwenye daftari aliziona zile lita tano zinaisha kabla ya kumaliza ukuta mmoja.

Hadina ya poliesta, yaani dawa ya kuigandisha resini, huwekwa kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja, na hupimwa kwa mizani au sindano, si kwa kifuniko cha chupa. Hapa Moshi, kuanzia Januari hadi Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30, na kishawishi ni kupunguza hadina ili resini isiwahi kuganda; lakini ukishuka chini ya asilimia 1 resini inaweza isikomae kabisa. Afadhali kufanya kazi asubuhi na kuchanganya kidogo kidogo. Sisi wenyewe tuliwahi kuchanganya ndoo ya lita nne saa saba mchana wa Februari, na kabla ya kumaliza mkeka wa kwanza ndoo ilianza kufuka moshi, tukaitupa nje ikiwa na jiwe lenye nyufa ndani yake. Juni na Julai ubaridi huleta tatizo la kinyume, na wakati wa masika tunafunga kazi ya faiba kila unyevu unapozidi.

Hadina hiyo ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ya kinga haina mjadala; ikitokea, osha jicho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi ukiwa umeshaomba gari la kukupeleka hospitali. Kama resini yako inauzwa bila kobalti, yaani dawa ya kuharakisha kuganda, na unatakiwa kuiongeza mwenyewe, changanya kobalti kwenye resini kwanza na hadina baadaye, wala usiviruhusu viwili hivyo vikutane peke yake, kwa kuwa hulipuka. Kwa vumbi la kusaga vaa barakoa yenye kichujio na nguo za mikono mirefu, kisha oga kwa maji ya baridi kwanza.

Jambo moja linawahusu wanaotoa boti baharini na kuileta Nyumba ya Mungu. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hupenya ndani ya faiba na kuitia malengelenge kwa urahisi zaidi kuliko maji ya chumvi. Ukilitoboa lengelenge na likatoa majimaji yanayonata yenye harufu ya siki, chini ya boti lazima pasagwe, paoshwe mara nyingi kwa maji safi na paachwe pakauke kwa wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya kufungiwa kwa epoksi. Malengelenge machache madogo hayazamishi boti, na tunamshauri mteja asiyaruhusu yamalize bajeti ya ukuta wa nyuma.

Boti ya Meku bado iko uani kwetu. Ukuta wa nyuma umekamilika, sitaha ya kushoto imefunguliwa, na kazi ya kusaga anaifanya mwenyewe kila Jumamosi chini ya usimamizi wa fundi, jambo ambalo limempunguzia gharama za ufundi. Akimaliza, boti itakaguliwa na kusajiliwa kwa utaratibu wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, kabla ya mjukuu yeyote kupanda.

Anayetaka tumkagulie boti yake afike nayo ikiwa kavu, sakafu ikiwa imeondolewa vitu vyote na ngama, yaani sehemu ya chini ndani ya boti yanapokusanyika maji, imefunguliwa. Ukaguzi wa kugonga na kutoboa huchukua nusu siku. Asiyeweza kuisafirisha atoboe matundu mawili sehemu ya chini ya ukuta wa nyuma, kwa ndani, na atuletee alichokitoa kikiwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na picha za mahali alipotoboa.