Shukrani kwa fundi wa Malindi asiyetaka kutajwa

Ahsante sana, ndugu yetu, kwa kuwaelekeza vijana wa Malindi waunde kompyuta ya michezo bila kutumia laki za pesa. Kuanza na kompyuta ya Dell OptiPlex 9020 ya kasha jembamba iliyotumika ofisini, yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 4, ni ushauri wa maana kabisa. Kwenye kadi ya michoro ndipo umewaokoa wengi: pawa saplai ya kasha lile jembamba ni wati 255 tu na haina waya wa kulisha kadi umeme, kwa hiyo ifaayo ni GTX 1650 ya kimo kifupi, inayokula wati 75 kutoka kwenye soketi yenyewe inamochomekwa ndani ya kompyuta. Ya kimo cha kawaida haiingii. Ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) 2 za GB 4 hushinda 1 ya GB 8, kwa kuwa prosesa huzisoma kwa njia 2 kwa pamoja.

Na lile la chumvi! Upepo wa bahari huacha utando kwenye meno ya ramu, mashine ikawaka bila picha. Chomoa umeme, toa ramu, sugua meno yake taratibu kwa raba ya kufutia, pangusa kwa spiriti, ikauke. Waya wa skrini nao uchomekwe kwenye kadi. Mola akulipe kheri.