Mwanaidi, taa ya vioo isubiri

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleykum. Nisalimie Mama na watoto, na umwambie Mama kapu lake la machungwa ya Muheza sijalisahau. Huku hatujambo.

Picha za nyumba yako ya kale ya Bagamoyo, hiyo unayoigeuza hoteli ya vyumba vinane, nimezipata zote, pamoja na ile ya taa ya vioo ya milioni tisa unayotaka kuitundika ukumbini ili mgeni akiingia tu ajione kafika. Jibu langu la haraka ni kwamba isubiri. Hela hiyo inunue pampu ya maji, betri za kuvukia usiku na magodoro mawili matatu ya maana. Mgeni aliyebanwa na haja ndogo haangalii dari.

Anzia hapo hapo. Kutoka Dar hadi kwako ni kilomita kama 70, na kwa foleni mtu anaweza kukaa garini saa mbili na zaidi. Anashuka kichwa kinamgonga, shati limemganda mgongoni, na anachokitaka kwanza hakimo kwenye tangazo lolote la hoteli: choo. Wewe choo cha wageni umekipeleka uani, nyuma ya jiko. Kilete karibu na daka, yaani kile kiingilio cha mlangoni, hatua zisizozidi 15 kutoka mlangoni, na anayempokea aseme mwenyewe, "Maliwato haya hapa kulia," asingoje kuulizwa. Mtu mzima huona haya kuulizia choo dakika ya kwanza, tena mbele ya vijana waliojipanga mstari kumpigia makofi.

Sasa taulo la baridi, ambalo kwenye orodha yako limepewa neno moja tu. Chukua vitambaa vya pamba vya sentimita 30 kwa 30, vichovye kwenye maji safi yaliyotiwa ganda la ndimu, vikamue hadi visidondoshe tone, vizungushe kama mkeka, uvipange kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya friji. Vitengenezwe asubuhi kwa wageni wa siku hiyo. Kilicholala hunuka kama dekio, na mgeni anakipeleka usoni. Kitoke kwenye friji gari linapoingia mtaani, si nusu saa kabla. Halafu kuna kosa ambalo hoteli kubwa kwa ndogo hulifanya: wanampa taulo, wanampa glasi, wanaondoka. Maskini ya Mungu kasimama na taulo bichi mkono mmoja, glasi mkono wa pili, begi linamteleza begani, hajui pa kuweka chochote. Aliyempa taulo abaki pale na bakuli, apokee lililotumika, ndipo aondoke. Na dafu zima lenye mrija lipigie picha tu. Ni zito, linamwagika kifuani na haliwezi kusimama mezani. Maji yake yamimine kwenye glasi.

Fomu isimsubiri hapo. Majina, namba ya pasipoti na saa ya kufika yachukuliwe siku moja kabla kwa WhatsApp, ili akifika abaki na saini tu, naye kakaa. Adrian Zecha alipofungua hoteli ya Amanpuri kule Phuket, Thailand, mwaka 1988, mtindo wake wa hoteli ndogo inayompokea mtu kama mgeni wa nyumbani ulishangaza wengi. Sisi watu wa pwani tusishangae. Baraza, daka, ukumbi, ua, kisha vyumba vya ndani: nyumba yako imeshapangwa kumpokea mtu hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na kivuli na ubaridi kuliko iliyotangulia. Usiiharibu kwa meza ndefu ya mapokezi yenye kompyuta. Weka kiti, mto na meza ya kahawa.

Ila daka lina hatari yake. Mtu anayetoka kwenye jua la saa nane mchana haoni kitu kwa sekunde kadhaa, na mlango wako wa nakshi una kizingiti kirefu. Hapo ndipo watu wanapojikwaa, na aliyejikwaa mbele ya watu asiowajua hachangamki tena mpaka usiku. Usifunge taa kali juu. Funga taa ndogo pembeni, chini kabisa, sentimita 20 hivi kutoka sakafuni, imulike kizingiti chenyewe.

Kuhusu kuta nitasema machache, maana najua fundi wako anapenda saruji. Kuta za mawe ya matumbawe hupitisha unyevu. Ukizipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta unaufungia ndani pamoja na chumvi, na baada ya masika moja rangi inavimba, inabanduka, chumba kinanuka koga. Plasta iwe ya chokaa, sehemu moja kwa tatu za mchanga uliooshwa, matabaka membamba ya sentimita moja moja, yanyunyiziwe maji yasikauke kwa pupa. Harufu humfikia mgeni kabla macho hayajaona kitu, na harufu ya koga humwambia kwamba hapa hakutunzwi, hata shuka zikiwa mpya. Na usiguse ukuta wowote kabla kibali cha serikali, cha Mambo ya Kale, hakijatoka.

Harufu nyingine inatoka bafuni. Chini ya sinki na sakafuni pana bomba la kona linaloshika maji ili hewa ya shimo isipande, mafundi wanaliita trapu. Chumba kikikaa wiki mbili bila mtu, maji yale hukauka, na mgeni anafungua mlango anakutana na shimo. Kila wiki anayefagia chumba kitupu amwage lita moja ya maji kwenye kila tundu, na kijiko cha mafuta ya kula juu yake, kwa sababu mafuta huchelewesha maji kukauka. Afungue na mabomba yote dakika chache, maana maji yaliyosimama huzaa wadudu wa maradhi. Udi fukiza ukumbini nusu saa kabla ya wageni, chetezo kitolewe. Kumfukizia mtu usoni akiwa ametoka safarini ni kumtafutia kipandauso.

Nije kwenye maji ya kuoga, ambayo ningeyalilia kuliko kitu chochote. Tangi lako liko juu ya paa, mita mbili na nusu tu kutoka bomba la mvua la ghorofani. Presha moja ya bar inataka kimo cha mita 10, kwa hiyo ghorofani utapata robo ya bar, manyunyu ya kumwagilia mchicha, huku chini maji yanatoka ya kutosha. Mgeni wa ghorofani ndiye aliyelipa zaidi kwa ajili ya upepo wa bahari! Nunua pampu inayojiwasha mtu akifungua bomba, ifunge uani juu ya mpira mzito ili isitetemeshe ukuta wa chumba cha nne, na lenga lita 8 hadi 10 kwa dakika. Kisha moto. Umechora hita moja ya jua kwa nyumba nzima, na bomba la mita 30 hadi chumba cha mwisho. Bomba lenye nafasi ya milimita 15 ndani hubeba karibu lita 0.18 kwa kila mita, basi hapo pamelala lita tano na ushee za maji baridi. Kwa lita 8 kwa dakika mtu atasimama uchi sekunde 40 akiyagusagusa kwa kidole. Ikifika sekunde ya 20 ameshaamua kwamba hayatoki, anafunga, anapiga simu. Weka hita ndogo kwa kila vyumba viwili, na mabomba ya moto uyavishe sponji. Hakuna urembo wa chumbani utakaomsahaulisha sekunde zile.

Taa. Kwenye boksi la balbu angalia namba, na wewe unataka 2700K, mwanga wa manjano. Fundi atakuletea 6500K, ile nyeupe ya duka la dawa, kwa sababu inaonekana kali na bei ni ile ile. Mkatalie. César Ritz, aliyefungua hoteli yake ya Paris mwaka 1898, anakumbukwa kwa kuhangaikia rangi ya mwanga, akachagua kofia za taa za rangi kama ya embe iliyofifia kwa sababu inapendezesha nyuso. Anayejiona mzuri kwenye kioo cha hoteli hupenda hoteli. Kwenye kioo cha bafuni taa ziwe kulia na kushoto, usawa wa macho. Ikiwa juu ya kichwa, inachora vivuli chini ya macho na kila mtu anaonekana katoka kuuguza. Kando ya kitanda swichi moja izime zote, maana kuamka kutafuta swichi ya mwisho gizani, chandarua kimeshafungwa, ni kero ya peke yake. Ukimaliza, lala kwenye kila kitanda usiku, utazame juu: balbu yoyote inayokuchoma jicho ihamishwe.

Kitanda usikinunue kwa kutaka ukubwa. Boriti zako za mikoko ndizo zilizopanga upana wa vyumba, mita 2.6. Kitanda cha sentimita 180 kitaacha 40 kila upande, mtu apite ubavu-ubavu na avunje ukucha kwenye mguu wa samadari. Cha 150 kinaacha 55, chandarua kinashuka vizuri, na chumba kinapumua. Chandarua kiwe cha pembe nne juu ya fremu, kile cha duara kinamlalia mtu usoni. Shuka za pamba, seti tatu kwa kila kitanda. Taulo zisiwe nzito mno. Zile za gramu 700 kwa mita ya mraba ni za nchi za baridi na mashine za kukaushia, kwa hewa ya Bagamoyo hazikauki mpaka kesho, zinanuka. Gramu 500 zinatosha. Kiyoyozi nacho, usikubali kuuziwa kikubwa. Chumba cha mita za mraba 13 chenye kuta nene kinatosheka na BTU 9,000, ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza. Kikubwa hupoza haraka kikazima kabla hakijakausha hewa, na mgeni analala kwenye shuka zenye baridi ya majimaji.

Umeme ukikatika, feni na taa zisizimike. Vyumba vinane, wati 70 kila kimoja kwa feni na taa, ni wati 560. Kwa saa sita ni kama yuniti 3.4, basi betri ya yuniti 5 inakuvusha bila kuikamua. Viyoyozi visubiri jenereta. Mishumaa vyumbani marufuku kabisa: chandarua na moto havikai chumba kimoja.

Adhana ya alfajiri usiifiche wala usiiombee radhi. Anayempeleka mgeni chumbani amwambie jioni, "Alfajiri utasikia adhana, msikiti uko karibu," na vizibo vya masikio viwe droo ya kwanza. Sauti uliyotarajia haikushtui. Majogoo ya jirani ni suala la kuzungumza na jirani.

Vijana wako wafundishe kuzungumza kabla ya kubeba sinia. Waache "hakuna matata". Mgeni akisema feni inapiga kelele, "hakuna shida" ni kumwambia kwamba shida yake haipo. Wasikilize mpaka mwisho, waombe radhi mara moja, waseme nani anakuja na baada ya dakika ngapi, kisha aliyepokea malalamiko arudi mwenyewe kuuliza kama imetengemaa. Hatua hii ya kurudi ndiyo inayorukwa kila mahali. Kampuni ya hoteli ya Ritz-Carlton inajulikana kwa kuwaruhusu wafanyakazi wake kutumia hadi dola 2,000 kumtengenezea mgeni jambo bila kumuuliza bosi. Wewe wape shilingi 50,000, itoshe chakula cha bure au teksi. Na mzee wa Kitanzania aliyelipa hela ile ile apewe shikamoo yake kamili, asipitwe kwenda kumwimbia Mzungu aliye nyuma yake. Hili naliona hata kwenye hoteli zenye sifa, na linauma kuliko maji baridi.

Mwisho wa safari umeuwekea mstari mmoja tu kwenye mpango wako, nami naona unastahili fedha kuliko mwanzo. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake, kwenye utafiti waliouchapisha mwaka 1993, waliwatia watu mkono kwenye maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, kisha mara nyingine sekunde hizo hizo 60 na 30 za nyongeza ambapo maji yalipashwa hadi 15. Walipoulizwa warudie ipi, wengi walichagua ile ndefu, kwa kuwa iliishia pazuri. Sasa hoteli inamalizia na nini? Bili, na ubishi wa chupa ya maji iliyonywewa ama haikunywewa. Maji ya kunywa yawe ndani ya bei. Bili ipelekwe usiku wa kuamkia safari, ilipwe, iishe. Asubuhi abaki na mambo mazuri tu: kifungua kinywa cha njiani kama anaondoka saa kumi na moja, vitumbua na kipande cha mkate wa sinia vikiwa bado vya moto, na kikuba, kile kifurushi cha maua yanayonukia, kwa mama wa safari. Kikuba kikitangulia bili kinageuka chambo. Kikija baada yake ni zawadi.

Nitumie kimo cha kizingiti na upana wa daka, nikuchoree ile taa ya chini. Fundi umeme asichimbe ukuta mpaka upate mchoro.

Wako,
Zuhura