Kalamu Iliyolewa

Mwanangu Mwanaidi,

Juzi ulipoinua kurasa zako za mistari isiyosomeka mbele ya simu nilicheka, nikakuuliza kama kalamu imelewa. Niwie radhi. Nimefundisha mwandiko darasa la pili miaka 27, na jicho langu limezoea kusaka herufi iliyovuka mstari.

Baadaye nikamtafuta huyo Mirtha Dermisache uliyemtaja, msanii wa Buenos Aires, Argentina. Mwaka 1967 alikamilisha kitabu cha kurasa 500, na ndani hamna neno hata moja! Mistari inakwenda kimaandishi kabisa: inapanda, inajikunja, inaacha nafasi, inafungua aya. Akaandika hivyo hivyo barua na kadi za posta, na mwaka 1972 gazeti zima. Hilo gazeti ndilo lililoninyima usingizi. Agosti 22 mwaka huo, askari wa jeshi la majini waliwamiminia risasi wafungwa wa kisiasa huko Trelew, nchini humo humo, wakafa 16. Mirtha mwenyewe alisema safu moja ya ukurasa wa mwisho ni kwa ajili ya hao. Hapasomeki jina wala idadi. Mimi mwalimu ningempa sifuri. Kisha nikajiuliza ningeandika sentensi gani mahali pale, sikuipata.

Ndipo likanijia kombe la bibi yako. Ulikuwa na miaka minne, homa imekushika. Maalim akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, bibi akaisuuza kwa marashi, ukanywa. Sijaona mwandiko mzuri kama ule, na haukukaa hata robo saa. Nilinuna, nikitaka twende zahanati kwanza (tulikwenda, usije ukasimulia vingine). Siyalinganishi haya mawili. Aya ina maneno yake na heshima yake, mistari ya Mirtha haina neno. Ila pale sahanini hakuna aliyekuwa anasoma, na hakuna aliyeona kwamba kuandika kumepotea bure.

Jana usiku nikajaribu. Nikachukua daftari la mistari na kalamu ya wino. Mstari wa kwanza ulitoka vizuri, wa pili ukaanza kufanana na "m" nyingi zilizoshikana mikono. Wa tatu mkono ukaponyoka, ukaandika "Tarehe", tena kwa mwandiko wa ubaoni.

Wewe unauzuiaje mkono usirudi kwenye herufi? Jumapili ukipiga nielekeze taratibu. Daftari sijalifunga.

Mama yako